Sentimita Sabini na Tisa

Kifungu cha tatu cha kanuni za miti za Ellernbrook
kinasema: mti wenye mzingo wa sentimita themanini,
ukipimwa mita moja kutoka ardhini,
haukatwi bila kibali.
Ni hayo tu. Sikuyaandika mimi.
Mimi nashika utepe.

Oktoba, baridi imeanza kung'ata vidole,
na Bwana Tiedjens wa kampuni ya ujenzi amenitangulia kiwanjani,
buti mpya, ramani ndani ya mfuko wa nailoni,
nyumba kumi na mbili tayari zimesimama juu ya karatasi
na maegesho ya magari pale yanapolala majani.

Mwaloni haukunisumbua. Mia mbili na kumi na nne.
Tiedjens akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kupanga bajeti:
"Huo tumeukwepa. Tazama, barabara imepinda."
Kweli ilikuwa imepinda, kwa adabu,
kama mtu anayempisha mkubwa wake mlangoni.
Nikaandika: uzio wa mbao,
mita moja na nusu kupita ncha ya tawi la mbali,
tingatinga lisiingie, saruji isimwagwe,
hata baiskeli ya fundi isiegemezwe hapo.

Halafu mtofaa.

Bi Heilwig alikuwa kando ya ua uliokuwa wake.
Aliuza Aprili. Funguo bado zinalia mfukoni mwa koti.
"Pima na ule," akasema,
"tuliupanda mwaka ule wa mafuriko, fimbo tu,
mume wangu akaufunga kwa soksi yake usianguke."

Kifungu cha tano nakijua kwa ghibu:
miti ya matunda haimo, isipokuwa mjozi.
Unaotupa kivuli una wakili;
unaotulisha haujulikani barazani.
Niliwahi kuuliza sababu. Nilijibiwa kwa barua ya kurasa nne
na bado sijui sababu.

Niliuzungushia utepe hata hivyo.
Mia moja na tatu.
Nikaandika pembeni, pasipo na safu.
"Mia moja na tatu," akarudia polepole,
kama mama anayesomewa uzito wa mtoto kliniki.

Namba kumi na saba haukupandwa na mtu.
Labda ndege. Labda upepo, na mkulima mvivu aliyeuacha.
Sabini na tisa.
Nikafungua utepe, nikaanza upya. Sabini na tisa.
Kwenye gome palikuwa na mtambazi mkavu,
unene wa penseli:
ukipima juu yake, themanini na kitu.
Tiedjens akatazama saa yake.
Bi Heilwig akatazama mikono yangu.
Hakuna aliyetamka neno,
na sijapata kusikia kimya chenye kelele kiasi kile.

Nikaung'oa mtambazi kwa ukucha.

Nitasema kwa nini, ingawa hamkuniuliza.
Siku nitakayoudanganya huu mwembamba,
mia mbili na kumi na nne ya mwaloni itageuka uvumi,
na mtu mwenye buti mpya atakuja na mwanasheria
kuniuliza utepe wangu hunyooka saa ngapi.

Lakini Tiedjens alijua anachokifanya.
Ombi lake lilikuwa la Oktoba, si la Mei;
masika ya kwao mti hunenepa, na sheria hunenepa nao.
Misumeno ilifika tarehe ishirini na saba Februari,
siku mbili kabla ya ndege kupewa haki ya viota.
Namba kumi na saba ulichukua dakika tatu.
Mtofaa ulichukua zaidi, kwa kuwa shina lilikuwa limepinda
upande ilikofungwa soksi.

Ofisini, kijana wa kumbukumbu alinishika bega:
"Hii mia moja na tatu ni ya safu gani?
Mfumo hauikubali."

Nikamwambia aiache hapo hapo, pembeni.